Nilimchota Mume Wangu Maarifa Mezani, Sasa Nimetumwa Nikachote Tena

Admin, futa jina langu na picha yangu, maana Jinja ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, Mkenya wa upande wa Bungoma, nimeolewa hapa Uganda na Mgisu wa Mbale na tuna binti mmoja. Mtakaotaka kunitukana mtanitukana, lakini someni mpaka chini kwanza.

Mimi na mume wangu tulifanya kazi ofisi moja hapa Jinja. Yeye ndiye aliyeunda, peke yake, mfumo wa simu ambao wachuuzi wa samaki wa Masese huutumia kukodi nafasi kwenye malori ya kwenda Mbale. Mimi kazi yangu ilikuwa kuujaribu kabla haujafika kwa wateja. Mwaka jana bosi wetu, mwanajeshi mstaafu anayekaa Kimaka, akaleta mawakala wa AI, yaani programu zinazoandika programu zenyewe. Kazi yao huenda kwa hatua. Unaandika unachotaka pamoja na sababu zake, wakala anatoa mpango, binadamu anausoma na kuuidhinisha, ndipo wakala anaandika na mwenzake anakagua. Usipoandika sababu, wanakujengea upuuzi uliopigwa pasi. Na sababu zote zilikuwa kichwani mwa mume wangu.

Aliambiwa aziandike, akakataa. Hakuwa mjinga, alijua akimaliza kuziandika na kazi yake imekwisha. Bosi akaniita mimi.

"Mama, mume yako amefunga mdomo. Mimi siwezi kufungua, lakini wewe unakaa na yeye nyumba moja. Leta hiyo maneno, na kiti yake itakuwa yako."

Nikasema, "Sawa, afande." Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Miaka sita nimeitwa mke wa fundi, nilikuwa nimechoka.

Mgisu mpikie malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, uyaunge kwa karanga, halafu ukae umsikilize. Nilipika karibu kila jioni. Namwuliza kwa utani, "Hivi baba Fulani, kwa nini mfumo unakubali kilo zipungue njiani?" Anacheka, anaeleza mdomo umejaa. Masese samaki hupimwa pamoja na barafu, wakifika Mbale barafu imekuwa maji. "Sasa ukikataa hiyo kilo, utaita dereva mwizi na yeye hajakula hata samaki moja." Akienda kunawa mikono, mimi naandika neno kwa neno. Alifurahi jamani. Aliniambia tangu tuoane sijawahi kumjali hivyo.

Miezi miwili ikatosha, nikampelekea bosi maandishi yote. Bosi, kwa roho yake mbaya, akampa mume wangu mpango wa wakala ausome na kuuidhinisha, nami nimekaa meza ya pili. Akaanza kusoma. Alipofika kwenye maneno ya dereva na samaki aliacha kusoma, akanitazama. Nikajifanya natafuta chaja. Mnajua alifanya nini? Alirekebisha mahali pawili nilipokosea kumsikia, akaidhinisha, akachukua mkoba wake. Mlangoni akasema, "Mama Fulani, ile ya barafu umeandika vizuri." Niliporudi nyumbani nilikuta ameondoka na mtoto kwenda kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Namakwekwe kule Mbale. Bosi alicheka wiki nzima. Na mimi, nisiwadanganye, nilikalia kile kiti nikaona kinanitosha.

Sasa mvua zimeanza. Mfumo unawafungia madereva wasio na kosa. Mawakala wakirekebisha hapa, panaharibika pale, na kila mara wanasema wamefuata maelekezo. Ni kweli wamefuata. Kuna jambo la msimu wa mvua ambalo mume wangu hakulisema, kwa sababu nilimwuliza wakati wa kiangazi. Bosi amenipa mpaka Jumatatu.

"Enda Mbale, piga magoti, lia kidogo. Rudi na majibu ama usirudi."

Na juzi, bila kujua lolote la haya, mume wangu akanipigia mwenyewe. "Mtoto anakuuliza. Mimi nimechoka kukasirika. Kuja Jumamosi tuanze upya. Lakini kitu moja tu, usiniulize kazi."

Nikamwambia, "Sawa, mume wangu." Nikalia, na sikuwa naigiza. Nampenda, na mtoto nimemkosa mpaka nanusa mto wake. Lakini nilipokata simu, kabla machozi hayajakauka, nilichukua daftari nikaandika maswali. Ni matatu tu, na nimeyapanga yasisikike kama ya kazi.

Kwa hiyo msinihubirie nisiende. Kwenda nitaenda. Nishaurini ninyi mliokaa kwenye ndoa kunizidi: nimwulize kabla hajanisamehe, au nisubiri anisamehe kwanza?