Moto wa Mzazi Ulionichagulia Masomo

Nawaamkia nyote, mliolala vitandani na mnaowauguza. Jina langu ni Rahma. Leo nakumbuka nilichokula asubuhi, na jina la mtaa ninaokaa nalijua bila kumuuliza mtu. Aliyepita nilikopita mimi anajua kuwa hayo si mambo madogo.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa ndoto nyingi. Tunakaa Mansfield, saa chache kwa gari kutoka Houston, mimi na mama yangu. Nilimaliza haiskuli kwa alama za kawaida tu, nikawa nafanya kazi kwenye ghala la viatu huku nasubiri kuanza chuo. Nilichojua ni kuwa nataka sayansi. Sayansi gani? Hapo ndipo palipokuwa na kizungumkuti. Asubuhi naamka mtaalamu wa nyota, adhuhuri daktari wa paka, jioni nimeona pomboo kwenye simu, basi nataka bahari. Kila mgeni aliyekunywa chai kwetu alinipangia maisha. "Unesi, Rahma. Nesi hakosi kazi." Mjomba akija naye, "Famasi! Koti jeupe, na damu huioni." Mie nacheka, nawakubalia wote.

Basi dada yangu Salma akajifungua mtoto wa kike kule Pearland, upande wa Houston. Mama akafunga mizigo: pilipili manga, mdalasini, udi, kanga, na seredani, lile jiko dogo la makaa. Kwetu Unguja mzazi huoteshwa moto. Makaa huwekwa chini ya kitanda ili mwili upate joto na mgongo ukaze. Mama anasifika kwa kazi hiyo. Mpaka wanawake wa DeSoto, mji wa jirani na kwetu, humpigia simu kumuuliza. Mimi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumsaidia.

Wiki ile baridi ilikuwa ya kuuma. Mama alifunga madirisha yote, na chini ya mlango akaziba kwa taulo. Darini kulikuwa na king'ora cha moshi na gesi, lakini shemeji Nassor alikuwa ameshakivisha mfuko wa plastiki, maana kila wakichoma udi kinapiga kelele mpaka majirani wanatoka na watoto mikononi. "Hicho hakijui harusi wala hatari," alisema. "Kinalia tu."

Kazi yangu ilikuwa kuuangalia moto. Tangu siku ya kwanza kichwa kilinigonga. Salma naye akasema kinamuuma.

"Uchovu wa uzazi huo," mama akasema.

"Na mimi nimezaa lini?" nikamuuliza. Tukacheka sote.

Nikitoka nje kutupa taka, kichwa kinatulia. Nikirudi ndani, nacho kinarudi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku mambo yalipoharibika, shemeji alikuwa amewapeleka Salma na mtoto kliniki. Mama yuko jikoni anakoroga uji wa pilipili manga. Mimi nilibaki chumbani nizidishe makaa, wakirudi wakute joto, na nifukize nguo za mtoto. Moyo ukaanza kwenda mbio. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nikataka kumwita mama, nikalitafuta neno la kumwita, sikulipata. Nikawaza nilale kidogo hapo chini, litakuja lenyewe.

Mama alinikuta nimetapika na nimejikojolea, macho yako wazi lakini simwoni. Alinivuta kwa kanga mpaka nje, akapiga ukelele, na jirani ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Watu wa zimamoto wakaja. Mmoja wao, mwanamke, aliingia na chombo kidogo mkononi, kikawa kinalia chumba kizima. Akatoka akamkataza kila mtu kuingia. Shemeji alipofika, mama akamshika mkono: "Nassor, mwambie moshi hakuna! Nimeangalia kwa macho yangu!"

Yule mwanamke akamjibu kwa upole, shemeji akitafsiri, "Gesi hii haina rangi, mama, wala harufu. Ndiyo maana tunaipima."

Hospitali daktari akatueleza kuwa ni monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye makaa. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na haibanduki upesi. Waliniweka ndani ya chombo kama pipa kubwa lenye kioo, nipumue oksijeni kwa mgandamizo. Masikio yaliziba kama ndani ya ndege. Mtoto na Salma wakapimwa, wakaonekana salama. Mama akasujudu palepale kwenye korido, watu wanampita pembeni.

Nikarudi Mansfield nikidhani nimepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa haujamaliza na mimi. Baada ya wiki chache nikaanza kupotea. Viatu naviweka kwenye friji. Naanza sentensi, katikati imeyeyuka. Mikono inatetemeka, kijiko kinanigonga meno. Siku moja nilisimama nje ya duka nikilia kwa sababu sijui tulipokuja tulikuja kwa gari au kwa miguu. Daktari akasema hutokea, sumu hii huweza kumrudia mtu kichwani akishaanza kupata nafuu. "Wengi hurudi hali yao, polepole," akasema. Mimi nikalisikia hilo neno "wengi" tu. Je, mimi nimo?

Mama aliumia kuliko mimi. "Nilikuwa nakuua kwa mkono wangu," alisema huku ananichana nywele. "Usiende chuo, mwanangu. Kaa na mimi, kichwa kipumzike." Alisema kwa mapenzi, lakini niliogopa kuliko nilivyoogopa Houston. Kichwa hiki kisiporudi, hakuna somo litakalonikubali, la nyota wala la paka.

Nikawa naenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya kumbukumbu. Ananiambia nimweleze kupika pilau, nami nautia mchele kabla ya nyama, tunacheka, tunaanza upya. Siku moja nikamwambia jambo lililokuwa linanisumbua. Bibi yangu Unguja alizaa watoto wote juu ya moto huohuo, hakuna aliyeanguka. Kwa nini mimi?

"Nyumba ya bibi yako ilikuwaje?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa shida. Dirisha la mbao lisilofunga sawasawa. Uwazi kati ya ukuta na paa. Mlango, wageni wanaingia kutwa.

"Na chumba cha dada yako?"

Nikahesabu kwa vidole: madirisha yamefungwa, taulo chini ya mlango. Moto ni uleule, nyumba ndiyo si ileile. Huku nyumba zimezibwa ili joto lisitoke, basi na sumu haitoki. Fikra hiyo nililala nayo nikaamka nayo, ya kwanza kukaa kichwani bila kuvuja. Nililia kwa furaha.

Nikampelekea mshauri wa chuo fikra hiyo. Akasema mambo ninayoyauliza yana jina, ni afya ya mazingira, na wapo watu wanaopima hewa ya majumbani na viwandani. "Hiyo ni kazi kweli?" nikamuuliza. "Ni kazi kweli," akasema.

Mama aliposikia alishika kiuno. "Miaka yote nakwambia unesi, wewe unakwenda kusomea upepo?"

Nilianza na kemia. Mtihani wa kwanza nilifeli vizuri sana. Ukurasa nausoma, nikifika chini mistari ya juu imeshakimbia. Narekodi mwalimu, nasikiliza tena kwenye basi la kazini. Bado kuna siku nachanganyikiwa, siwafichi. Lakini mtihani wa pili nilipita.

Namshukuru Mungu, na mama aliyenivuta, na jirani nisiyelijua jina lake. Mnaougua, msijipime kwa siku mbaya. Mnaochagua masomo, angalieni swali lisilowaacha mlale.

Juzi mwanamke wa DeSoto alimpigia mama. Binti yake kajifungua. Mama akasikiliza, kisha akanipa simu mimi: "Muulize huyu. Ndiye anayesoma."

Nikamwambia bibi yule amkande binti yake kwa maji ya moto, uji usipungue pilipili manga, mablanketi tele, lakini makaa yasiingie ndani kamwe.

Papo hapo nikamsikia anapiga kelele, si kwangu: "Toeni hilo jiko! Sasa hivi!"

"Bibi," nikasema, "tokeni nyote kwanza, na mtoto, kisha iteni gari la wagonjwa."

Nikasikia mlango, nikasikia upepo. Kisha nikamsikia mtoto analia. Alhamdulillahi, alikuwa analia kwa nguvu.