Kitambaa Kwenye Njia ya Oili

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Haya yalinipata mimi mwenyewe huko Theta, asubuhi, jua likiwaka.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka ya kuzurura Lodwar, Malaba, kila mahali. Ndugu yangu Njoroge alizikwa bila mimi. Injini ya bodaboda yake ilijikaza ghafla kwenye barabara ya Thika, lori likampitia. Tangu hapo pikipiki ililala kwenye banda la mbuzi. Sasa Mbugua, fundi wake wa Ruiru, alitaka kuinunua, na Mama akaniomba niikague kwanza.

Pikipiki iliyolala hivyo huiwashi tu. Unabadilisha oili, unatoa plagi, unalegeza bolti ya juu ya injini, kisha unapiga kiki polepole. Oili ikichuruzika hapo juu, presha iko. Nilipiga kiki hadi nikalowa jasho. Pakavu.

"Fungua njia ya oili, mzururaji."

Mwanamume alikuwa amechutama kando yangu, boshori, ile kofia ya sufu, imevutwa hadi puani. Ameegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anasikiliza. Niambie, injini iliyokufa inasikilizwa nini? Huo ulikuwa mchezo wa Njoroge tangu utotoni.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani, kimesokotwa na kusukumwa kwa nguvu. Hakikuingia chenyewe.

"Kirudishe," akasema. "Mwenyewe anakuja."

"Mimi si muuaji."

Akacheka. "Wewe lini ulimaliza kazi?"

Nikakitia mfukoni. Kuinua macho, hayuko. Nikapiga kiki tena, oili ikapanda vizuri, nikafunga kila kitu.

Mbugua akafika na ovaroli yake kuukuu ya kijani. Mfuko mmoja ulikuwa umeng'olewa.

"Sasa, mkubwa! Mashine iko sawa?"

"Iko sawa. Mfuko wako uko wapi, Mbugua?"

Mbugua alirukia pikipiki, ikawaka kwa kiki moja, akakimbia nayo. Niamini: nyuma yake alikuwa ameketi mtu mwenye boshori, amemshika mabega kama abiria. Nikatia mkono mfukoni. Kitambaa hakikuwepo.

Injini ilijikaza pale pale lori lilipompitia Njoroge. Mbugua hakufa. Miguu yake ndiyo iliyobaki barabarani, chini ya lori jingine, na hadi leo bodaboda ikipita kwake huziba masikio na kulia akiomba msamaha.

Mama alimshukuru Mungu. Mimi nilimshukuru Njoroge.

Na wewe uliyemzibia mwenzako njia, ukisikia pikipiki yake inauzwa, usiende kuinunua. Kuna mtu anasubiri kubebwa.