Siku Tuliyoulizia Matiti Mapya

Mdogo wangu alikatwa matiti yote mawili kwa sababu ya saratani, mwanawe akiwa na miezi mitano. Vidonda vilipopona, nilimsindikiza kutoka Rangwe hadi Homa Bay kumwona daktari wa upasuaji.

Daktari alikuwa mpole. Alimweleza kwamba angeweza kuwekewa mifuko ya silikoni, ambayo huenda ikahitaji kubadilishwa baada ya miaka, au atolewe ngozi na mafuta ya tumboni ili yatumike kutengeneza matiti. Njia hii ya pili ni upasuaji mrefu na huacha kovu kubwa, lakini ni mwili wake mwenyewe. Asipotaka lolote, alisema, hilo nalo si kosa.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Daktari, kwa hizo njia zote, ni ipi itanipa maziwa?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hakuna, mama. Pole sana."

"Basi twende nyumbani," akaniambia.

Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimehangaika wiki nyingi kumtafutia nafasi ile. Nyumbani mtoto alikuwa akinyweshwa kwa kikombe, lakini kila mama yake alipombeba, alisugua uso kifuani pake akitafuta. Mdogo wangu alimwacha atafute.

Kisha siku moja mtoto akalala pale kifuani bila kutafuta chochote. Nilifurahi, nikasema, "Umeona? Amezoea."

Hapo ndipo mdogo wangu alipolia, kilio ambacho hakukilia hata hospitalini.