Sufuria Ndani ya Mlima Longonot

Wacha niseme ukweli, wivu ulikuwa unanimaliza. Mimi na Madam Anyango sote tunafundisha Masomo ya Jamii, Gredi ya Saba, hapa Nakuru, lakini kila Ijumaa ni kazi za nyumbani za darasa lake tu zinazosifiwa. Wiki iliyopita akaleta ofisini Mlima Longonot wa udongo, una hadi shimo refu pale juu. Wanafunzi wangu walikuwa wameniletea katoni zimebonyea.

"Hii imefanywa na mzazi," nikasema, walimu wote wasikie. "Mtoto hawezi!"

"Madam, wacha wivu," Anyango akacheka.

Wivu? Mimi? Nikaunyanyua ule mlima na kuupindua, niwaonyeshe ujanja wa mtu mzima.

Katikati ya udongo kukachomoza kitako cha sufuria. Sufuria yangu ya uji, ile niliyomnunia jirani nikidhani ameiiba! Na jina langu lilikuwapo, kwa rangi nyekundu ya kucha, jinsi tunavyoandika vyombo visipotelee kwenye sherehe.

Mwalimu mkuu akainama, akalisoma polepole: "Mama Wairimu."

Wairimu wangu yuko darasa la Anyango.

Anyango akanigeukia: "Kumbe mzazi mwenyewe ni wewe?"