Bibi yangu ana tension 16, mimi 14, lakini docteur anaogopea mimi

Jamani, niko confus kabisa!

Leo nilisindikiza bibi yangu, mama wa watoto wangu, kwa centre de santé ya Nyalukemba. Mugonjwa ni yeye. Hata chumvi, mimi ndiye nilimukataza.

Wakamupima tension, presha ya damu: 16, ni kusema 160.

Na mimi nikapima, juu ya kumutania tu: 14. Nikacheka.

Docteur hakucheka. "Papa, unavutaka sigara?"
Navutaka.
"Sukari mu damu?"
Iko.
"Baba yako alikufa na nini?"
Moyo.

Bibi yangu hana hata kimoja.

"Hatuangaliaka tension peke yake, papa. Mwenye kuwa mu hatari zaidi ni wewe."

Mimi? Na 14 yangu?

Munielezee, wapendwa. Bibi yangu alichukua paketi yangu ya sigara, akanishika mukono, tukapanda mulima polepole kurudi nyumbani.