Shikamoo ya Kidole Gumba

Kila asubuhi mama mkwe alimwamkia mwanangu wa miaka sita: "Shikamoo mama." Mtoto anajibu "Marahaba," huku anacheka, kwa sababu amepewa jina la marehemu mama wa bibi yake huyo. Mimi sikucheka. Juu ya mguu wake wa kushoto kulikuwa na uvimbe laini, wa zambarau, unaojaa jioni na kunywea akilala. Kiatu cha shule hakiingii. Muuzaji wa duka la dawa pale Kirumba alisema ni jipu, akataka kulipasua palepale. Mama mkwe akasema hata marehemu alikuwa nao. "Ni alama yake. Uacheni."

Hospitali, daktari aliubonyeza, ukapauka. Alipoachia, ukajaa tena. Akaagiza altrasaundi.

"Si saratani," aliniambia. "Ni mishipa ya damu imejikusanya. Wangeupasua dukani, damu ingewashinda."

Halafu akasema lililoninyima usingizi: uvimbe umeubana mshipa unaoinua kidole gumba. Akiutoa uvimbe atajitahidi asiuguse mshipa huo, ila haahidi.

Siku ya upasuaji mama mkwe alitufuata kutoka nyumbani Buswelu.

"Mnamkata mama yangu!" alisema, wodi nzima ikasikia.

"Mama, damu itakayomwagika ni ya mwanangu."

"Mdomo huo! Nani alikuoa wewe?"

"Muulize huyo mwanao, amejificha kwenye simu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono wake.

Mtoto akapigwa nusu kaputi, mlango ukafungwa. Kila nesi aliyetoka nilimtazama mikono kwanza. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa benchi, midomo inamcheza. Sikumuuliza anamwomba nani.

Mtoto alirudishwa mguu umefungwa bandeji, vidole tu vinaonekana. Alipozinduka nikamwambia achezeshe kidole gumba. Hakikucheza. Nikarudia, sauti ikanipanda, akaanza kulia. Daktari akasema tusubiri, dawa haijamwisha mwilini. Kusubiri! Kwani aliyelala pale ni mtoto wake?

Mama mkwe alinisogeza kwa kiwiko, akainama.

"Shikamoo mama."

Akamsogelea sikioni.

"Shikamoo mama. Au umeninunia?"

"Marahaba," mtoto akajibu kwa sauti ya usingizi, na kidole gumba kikainuka. Kidogo tu.

"Umeona?" bibi akaniuliza.

Nimeona. Ile ni kazi ya daktari, na nitasema hivyo mpaka nizeeke. Lakini siku ile nilimshika mkono.

"Mama, mwamkie tena."