Kubatiza Wahusika: Miaka Yangu Kwenye Maikrofoni

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikiwa na shahada yangu ya fasihi ndani ya bahasha na chupa ya maji ya uvuguvugu yenye asali, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba sauti ya mtu mwenye wasiwasi hukauka haraka. Ukumbi ulikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la mbolea mjini Nyeri: mabenchi, televisheni kubwa ukutani, spika mbili, na meza ndogo yenye maikrofoni. Kazi ilikuwa kutafsiri sinema papo hapo. Picha inacheza kwa Kiingereza, wewe unaisema kwa Kiswahili, na watu wanacheka au wananyamaza kutegemea umeisemaje.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Sauti, mtafsiri aliyedumu pale kuliko sote. Aliitazama bahasha yangu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni cheti changu, Mkuu."

"Weka chini ya mguu wa meza. Inayumba."

Niliweka. Meza ikatulia, nasi tukaanza.

Nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii, mjue ina mambo matatu. La kwanza ni kushusha, yaani kupunguza sauti ya sinema ili yako isikike, bila kuiua kabisa. La pili ni kupisha: mhusika akilia, unanyamaza umwache alie mwenyewe. La tatu, ambalo Mkuu wa Sauti alilitaja kwa heshima, ni kubatiza. Mhusika wa kigeni unampa jina la nyumbani, na kuanzia hapo watazamaji wanamchukua kama jirani. Mpiganaji mrefu alikuwa Kamau. Tajiri mkorofi alikuwa Mheshimiwa. Mimi niliona kubatiza ndiyo sehemu rahisi.

Nilipokomaa kidogo nilihamishiwa tawi la Nanyuki kwa siku za soko la mifugo. Wafanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi, wengi wao Waislamu, waliingia baada ya swala ya adhuhuri na kukaa mbele. Hawakutazama sinema, waliihukumu. Mzee mmoja, Haji, aliinua fimbo yake katikati ya mapigano.

"Binti, simamisha hapo! Huyu anapigwa kabla shahidi hajasikizwa?"

"Haji, ni sinema."

"Najua ni sinema. Dhulma ni dhulma."

Nikasimamisha. Walibishana mpaka wakaridhika, kisha nikaendelea. Nilitoka Nanyuki nikiwa na hakika kwamba watu wanaobishana hivyo juu ya sinema ya ngumi wangeweza kubeba kitu kizito zaidi.

Kitu chenyewe nilikuwa nacho kwenye simu. Kuna yule mwandishi wa tamthilia wa Uingereza ya kale ambaye kila aliyepita sekondari amewahi kuadhibiwa naye. Shuleni nilimkariri nikitetemeka. Nilianza kumfurahia chuoni, pale vijana walipomfanya vichekesho vya dakika mbili mtandaoni kwa Sheng, na baadaye nilipopata sinema za siku hizi zinazomvua taji na kumvika suti. Moja ilinishika. Mzee mwenye ranchi kubwa anawagawia mabinti zake watatu ardhi yote akiwa hai, lakini kwanza kila mmoja aseme hadharani anampenda baba kiasi gani. Wawili wakubwa wanamjaza sifa. Mdogo anakataa kutia chumvi, naye anafukuzwa. Kisha wale wawili wanamfungia baba nje, kwenye mvua. Nilijiuliza: ni mji gani chini ya Mlima Kenya ambao hauna mzee huyo?

Mwenye kumbi zote, tuliyemwita Mama Meneja, hakuuliza hivyo.

"Hii kitu yako iko na ngumi?"

"Iko na mvua, Mama Meneja."

"Mvua tuko nayo hapa bure. Ati watu watoke kwa mtihani wakuje kufanya mtihani ingine?"

Nilimsihi mpaka akanipa Ijumaa moja pale Nyeri.

Nilijiandaa kupita kiasi, kama kawaida yangu. Kilichonisumbua ni kwa nini mzee anampenda yule mdogo kuliko wote. Sinema haisemi. Nikatafuta sababu, nikaipata, nikaifurahia sana. Nilimbatiza mdogo Wangechi, nikasema ndiye aliyeitwa jina la mama mzazi wa yule mzee, na kwamba mzee humwita "maitu", yaani mama yangu, kama baba wengi kwetu wanavyowaita mabinti hao.

Mimi ni mtoto wa Nyeri. Najua, kama kila mtu pale ndani alivyojua, kwamba jina la mama yake baba huenda kwa binti wa kwanza. Lakini nilikuwa nimeiwazia hadithi hadi nikaisahau mila. Minong'ono ilianza kwenye benchi la nyuma.

"Wa tatu ndiye ameitwa jina la nyanya yake? Basi hao wawili si wake."

"Walikuja na mama yao, hao."

"Ee! Ndiyo maana!"

Ukumbi mzima ukaipokea. Mzee alipofungiwa nje kwenye mvua, mahali ambapo nilikuwa nimepanga kupisha, mtu alipaza sauti: "Kwani walikuwa watoto wake? Arudi kwa wake!" Watu walicheka hadi mwisho. Wengine waliondoka wakiwa wamefurahi, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Mama Meneja alinisubiri mlangoni. "Jumamosi ya wiki ijayo peleka Mweiga, kwa sababu nilishatangaza. Watu wakitoka, hiyo sinema inatoka, na wewe unatoka nayo. Sitaki kucheza na jina ya biashara yangu."

Mkuu wa Sauti alinipa betri mpya za maikrofoni.

Nikakaa nalo usiku na mchana. Niliwaza kuyafuta majina yote ya nyumbani na kuacha ya Kiingereza. Niliwaza kuwaeleza watu mila ya Waingereza kabla ya kuanza. Mwishowe nilibadilisha jambo moja tu. Jina la mama yake mzee nilimpa binti mkubwa, mahali pake. Mdogo nikampa jina la shangazi yake, na sababu ya kupendwa kwake nikaiacha bila maelezo.

Mweiga tulicheza asubuhi, wakulima wakishateremsha maziwa. Waliingia na madebe matupu, wakayaweka kati ya miguu. Mama Meneja alisimama mlangoni, mikono kifuani, na Mkuu wa Sauti akakaa kwenye spika. Mzee wa kwenye sinema alipogawa ardhi, wanaume kadhaa waliguna. Kila alipomwita binti yake mkubwa, nilisema "maitu", na sikueleza kitu.

Kisha ukaja ule mlango. Binti mkubwa akaufunga, mvua ikamshukia mzee, nami nikapisha. Katika kimya hicho mama mmoja wa mbele akasema, si kwa sauti kubwa:

"Maitu wake amemfungia nje."

Mwenzake akajibu, "Amemfungia mtoto wake."

Nilikuwa nimeisoma tamthilia ile tangu sekondari na sikuwahi kuiona hivyo: mzee analia mlangoni kama mtoto aliyekataliwa na mama.

Hapo mzee mmoja wa benchi la pili akainuka, akaacha debe lake, akaelekea mlangoni. Nikasimamisha sinema. Mama Meneja alinitazama kama mtu anayefunga hesabu. Mzee akapita mbele yake, akatoka hadi nje ya dirisha, nasi sote tukamsikia akisema kwenye simu:

"Maitu? Ni mimi. Hapana, hakuna shida. Umekula?"

Akasikiliza. Akasema, "Haya basi." Akarudi, akakaa, akanitazama. "Endelea, msichana. Umesimama kwa nini?"

Mama Meneja alishusha mikono. "Ameambiwa aendelee," akamwambia Mkuu wa Sauti. "Ongeza sauti kidogo."

Baada ya siku ile tuliicheza Mweiga tena, kisha Nyeri kwa majina yaliyonyooka, kisha Wang'uru kwa wakulima wa mpunga. Huko Nanyuki, Haji aliisimamisha mapema kabisa: zawadi kwa watoto lazima iwe sawa, alisema, na mzee huyu ndiye aliyeanza dhulma. Sikumpinga.

Sasa nimeiacha kazi kabla ya kufikisha miaka thelathini. Koo limechoka, nami nimepata nafasi ya kufundisha Murang'a. Bado nawaza kupita kiasi, lakini si juu ya kama tamthilia zile zinatufaa. Hilo nina hakika nalo. Wanafunzi hulalamika kwamba Kiingereza cha mwandishi yule ni kigumu, nami nakubali, kisha nawaambia wafunge vitabu. Nawauliza: mzee huyu angekuwa kwenu, binti yake mkubwa angeitwa nani? Darasa zima huanza kubishana. Mimi huvuta kiti, nikapisha.